Jozi Ukutani: Mwongozo Kamili wa Maonyesho ya Sanaa ya Mtaa Yanayokutanisha Wakongwe na Chipukizi Nairobi

Mwongozo huu ni wa kikundi cha mtaa kinachotaka kuandaa maonyesho ya jozi 8: wasanii 16, nusu wakongwe na nusu chipukizi, kazi 40, ndani ya ukumbi wa jamii wa kawaida wa Eastlands, kwa siku 9. Hesabu zote zilizomo humu zinafuata kipimo hicho. Kama ukumbi wenu ni mdogo, punguzeni jozi, lakini msipunguze muda. Jozi isiyokaa pamoja angalau miezi mitatu huleta picha mbili zilizotundikwa jirani, na mtazamaji anaona ujirani tu. Kazi kubwa ya mwandalizi hufanyika mbali na ukumbi, kwenye vyumba vya kuchorea, wiki nyingi kabla ya mtu yeyote kushika nyundo.

Tarehe kwanza, kisha ukumbi

Mvua ndefu za Nairobi hushuka kati ya Machi na Mei, za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kubeba picha kwenye pikapu wakati huo ni kuomba hasara. Januari na Februari ni kukavu, ila wazazi wamebanwa na karo. Juni na Julai hakunyeshi sana, lakini baridi ya asubuhi huwafungia wazee ndani. Wiki mbili za mwisho za Agosti ndizo zinazofaa zaidi: baridi imeanza kulegea, wanafunzi huwa likizo kwa sehemu ya wakati huo, na barabara za mtaani ni kavu. Kwa hiyo kikundi kikutane mara ya kwanza mwisho wa Februari. Machi ni ya kutafuta ukumbi na wasanii, Aprili na mapema Mei ni ya kukutanisha jozi, katikati ya Mei hadi katikati ya Julai ni ya kufanya kazi, na zinazobaki ni za kukausha, kupiga picha, kuandika lebo na kukusanya.

Mnahitaji ukumbi kwa siku 13 mfululizo: Jumatano hadi Ijumaa kujenga, Jumamosi hadi Jumapili ya wiki inayofuata maonyesho, Jumatatu kubomoa. Hapa ndipo wengi huanguka. Kumbi za jamii za kaunti zina wapangaji wao wa kila wiki: kanisa Jumapili asubuhi, karate Jumanne jioni, mikutano ya harusi na ya mazishi isiyotabirika. Msimamizi anaweza kukubali siku 13 kwa mdomo huku akiamini mtaondoa picha Jumapili kwa saa 3 na kuzirudisha. Andikeni barua inayotaja kila tarehe, Jumapili zote mbili zikiwemo, na mlipe kwa njia inayotoa risiti. Kisha mwende wenyewe mkaongee na kanisa hilo mapema. Wakikubali kusali kwingine Jumapili mbili, au kusali humo humo mbele ya picha, waumini wao watakuwa wageni wenu wa kwanza.

Kabla ya kulipa, tembeleeni ukumbi mara tatu kwa siku moja: saa moja na nusu asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua linakuwa juu ya paa na halisumbui. Hatari ni la asubuhi na la jioni, linapoingia likiwa chini kupitia madirisha ya mashariki na magharibi. Wekeni alama ya chaki ukutani mahali miale inapogusa. Hapo hapatundikwi kitu cha karatasi, kitambaa wala picha ya kamera. Tazameni dari pia: doa la kahawia lenye ukingo ni bati linalovuja, hata kama siku hiyo ni kukavu. Hesabuni soketi zinazofanya kazi kwa kuchomeka chaja ya simu katika kila moja, na hesabuni ngazi za mlangoni, kwa sababu kuna mzee atakayezipanda kwa fimbo.

Mbali na kumbi, fikirieni maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizokarabatiwa na Book Bunk, shirika linalofufua maktaba za umma, pamoja na jamii inayozizunguka. Nafasi ya ukuta ni ndogo, lakini jozi 3 au 4 zinakaa vizuri, na watu tayari wamezoea kuingia bila kuogopa. Mtu wa mtaani hafiki mbele ya mlango wa galari akaingia kirahisi, hata kama kiingilio ni bure.

Nani mkongwe, nani chipukizi

Msianze na umri. Rosemary Karuga, aliyezaliwa 1928 na kusomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, alifundisha shule kwa miaka mingi na kurudi kwenye sanaa akiwa amekaribia miaka 60. Vibandiko vyake vya vipande vya karatasi za kufungia bidhaa ndivyo vilivyomfanya ajulikane. Mwaka aliorudi, je, angekuwa mkongwe au chipukizi? Tumieni kipimo cha miaka ya kazi: mkongwe awe ametengeneza kazi kwa miaka 25 au zaidi, chipukizi awe hajafikisha 5 tangu aanze kuonyesha hadharani. Mama wa miaka 52 aliyeanza kuchora baada ya watoto kuondoka nyumbani ni chipukizi halali.

Chipukizi hawana shida kupatikana. Pitieni Wajukuu kule Mukuru, kikundi kilichoanza 2004 na kufika documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa kule Kassel, Ujerumani, mwaka 2022. Maasai Mbili pale Kibera. Brush Tu, iliyozaliwa Buruburu. Vyumba vya wasanii vya Kuona. Na idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wakongwe ndio wanaohitaji miguu. Nendeni Ngecha na Banana Hill, vijiji vya wachoraji vilivyo nje kidogo ya jiji. Nendeni Paa ya Paa, galari iliyoanzishwa 1965 na ambayo hadi leo ni neno zito kwa wasanii wa kizazi hicho. Kisha tokeni nje ya orodha ya majina yanayojulikana: mchora vibao vya maduka aliyeandika nusu ya hoteli za mtaa wenu, wachongaji wa Kikamba wa Gikomba, mfua mabati wa Kamukunji, msusi wa vyondo, fundi aliyechora magari ya matatu kwa mkono kabla ya stika za kompyuta. Kati ya wakongwe 8, angalau 3 wawe wa aina hii. Bila wao mtaa hautajiona ukutani.

Mkongwe haitwi kwa ujumbe wa simu. Piga simu, omba siku, nenda na mtu anayemfahamu, ukae, unywe chai, useme haja yako baada ya habari za nyumbani. Usiende na fomu ya kutia sahihi siku ya kwanza. Chukua nauli yake kama gharama ya maonyesho tangu mwanzo, kwa sababu wengi hawataitaja, watakosa tu kuja.

Kuunganisha jozi

Kosa la kwanza ni kuoanisha wanaofanana: mchoraji wa masoko na mchoraji wa masoko. Wataafikiana kwa nusu saa, halafu mmoja ataanza kufuata mkono wa mwingine. Kosa la pili ni kuoanisha mwalimu na mwanafunzi wake, au mzazi na mtoto. Nairobi ina familia za sanaa zinazoheshimika, Ancent Soi na mwanawe Michael Soi, au marehemu mchongaji Samwel Wanjau na wanawe, na ina studio zilizolea vijana wengi, kama Dust Depo ya Patrick Mukabi iliyokuwa kwenye Makumbusho ya Reli. Watu hao tayari wana mazungumzo yao. Maonyesho haya ni ya kuanzisha yale ambayo hayapo.

Oanisheni kwa kitu kimoja cha kushikika ambacho wote wawili wanakijali kwa njia tofauti: bati, uso wa mama, maandishi ya barabarani, mto Nairobi, mbao zilizotupwa. Mchora vibao aliyezoea kupima herufi kwa uzi na chaki anafaa kukutana na kijana wa grafiti. Msusi wa kiondo anafaa kukutana na anayefuma nyaya za umeme zilizokatika.

Mkutano wa kwanza uchukue muda wa saa mbili, kwa mkongwe, na kila mmoja aje na kazi 3, mojawapo ikiwa haijakamilika. Ile isiyokamilika ndiyo yenye maana kuliko zote. Mbele ya kazi iliyoisha watu husifiana. Mbele ya kazi iliyokwama hushauriana. Mwandalizi akae pembeni, asiongoze, na ahesabu kitu kimoja tu: nani anauliza. Mzee akizungumza saa nzima na kijana akiitikia "ndiyo Mzee" mara ishirini, hilo ni darasa. Rudini mara ya pili, safari hii kwenye studio ya kijana, mzee awe ndiye mgeni. Mara nyingi mizani hubadilika hapo hapo, mzee anapoanza kuuliza hiki ni nini na kinakaukaje. Isipobadilika baada ya mkutano wa tatu, vunjeni jozi kwa upole na mpange upya. Fanyeni hivyo kabla ya katikati ya Mei. Baada ya hapo kuvunja jozi ni kumvunjia mtu heshima.

Kila jozi italeta kazi 5: mbili za mkongwe, mbili za chipukizi, na moja ya pamoja. Kati ya mbili za mkongwe, moja iwe ya zamani kabisa, ya miaka yake ya kwanza. Chipukizi anahitaji kuona kwamba mkono ule nao uliwahi kutetemeka.

Kazi ya pamoja

Kazi ya pamoja huzunguka: wiki 2 kwa mmoja, wiki 2 kwa mwenzake, zamu nne, jumla wiki 8. Kwa wachoraji, kipimo kiwe sm 60 kwa 75. Kikizidi hapo hakipandi matatu bila kugombana na kondakta, na zamu zitaanza kuchelewa.

Fremu za ndani za kanvasi zitengenezwe na fundi mmoja ili zote ziwe sawa. Kila moja inahitaji futi 10 za mbao ya sipresi ya inchi 2 kwa 1. Kwa 8 ni futi 80. Nunueni mbao wiki 4 kabla na mzipange kivulini zikiwa zimelala, na vijiti katikati ili hewa ipite. Mbao ya sipresi inayotoka moja kwa moja kwenye yadi mara nyingi bado ina maji. Ukiifunga ikiwa hivyo, baada ya mwezi kona moja inainuka na picha haikai ukutani. Mwambieni fundi akwangue ukingo wa ndani upande wa mbele, ili kitambaa kiguse ukingo wa nje peke yake, vinginevyo mstari wa mbao utajichora kwenye rangi. Pimeni kona hadi kona pande zote mbili: kwa sm 60 kwa 75 lazima mpate sm 96 kila upande. Tofauti ikizidi nusu sentimita, afungue na kufunga upya.

Kitambaa cha amerikani chenye upana wa sm 150 hutoa vipande viwili vya sm 75 kwa 90 kila unapokata sm 90. Nunueni mita 5 kwa fremu 8, kwa sababu lazima mkiloweke usiku kucha kwanza kutoa wanga, na kitarudi ndani. Kikikauka, kivuteni kwa kuanzia katikati ya kila upande kuelekea kona. Msikipake sana: tabaka 3 nyembamba za rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, sehemu 3 kwa 1, na msasa mwepesi kati ya tabaka. Pitisha kidole likikauka. Kidole kikitoka cheupe, gundi ni kidogo, na rangi yote itakayopakwa juu itabanduka siku moja.

Sasa jambo linaloharibu kazi za pamoja kuliko ugomvi wowote. Wakongwe wengi hutumia rangi ya mafuta, vijana wengi hutumia akriliki. Mafuta hukaa juu ya akriliki iliyokauka. Akriliki haikai juu ya mafuta. Itaonekana nzuri kwa miezi kadhaa, kisha itapasuka na kuinuka kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo zamu tatu za kwanza ziwe za akriliki, mkaa au kalamu kwa wote wawili, na mafuta yaingie zamu ya nne tu, kwa mkono wa mkongwe. Mwelezeni sababu, asidhani anachelewesha mambo. Zamu ya nne ikiisha katikati ya Julai, mafuta yatapata wiki 5 za kukauka, na kwa baridi ya Julai yanazihitaji.

Wachongaji na wafuma waongozwe kwa kanuni ile ile: kitu kiwe cha kubebeka na mtu mmoja, kisizidi kilo 12, na kila zamu iache kitu ambacho mwenzake anaweza kuendeleza. Mchongaji akiondoa mti mwingi zamu ya kwanza hakuna wa kuurudisha.

Siku ya kubadilishana, wakutane ana kwa ana. Msitumie boda boda kupeleka. Dakika kumi za kuifunua kanvasi, kuona mwenzako alipofuta sehemu uliyoipenda, kunyamaza, kisha kuuliza kwa nini: hapo ndipo maonyesho yanatengenezwa.

Makubaliano na bei

Andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili na kila msanii apewe nakala. Uwe na orodha ya kazi kwa jina, kipimo na bei; mgao; tarehe ya malipo; ruhusa ya kupiga picha na kurekodi; na nini kitafanyika mmoja akiugua au akifariki kabla ya kazi kuisha. Hili la mwisho linatisha kulitaja mbele ya mtu wa miaka 78, lakini wazee wenyewe huwa ndio wanaolijibu kwa utulivu. Liandikeni pia kwamba mnunuzi anapata kitu, si hakimiliki. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya kazi ya sanaa, ukiacha picha ya kamera, kwa kawaida inabaki kwa msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, isipokuwa aikabidhi kwa maandishi. Anayenunua picha hawezi kuichapisha kwenye fulana bila ruhusa. Kwa kazi ya pamoja, hakimiliki iwe ya wote wawili, na ruhusa itolewe na wote wawili. Mulizeni mkongwe mapema kama ana mkataba na galari yoyote inayomzuia kuuza kwingine.

Mgao unaofaa maonyesho ya mtaa ni asilimia 80 kwa msanii na 20 kwa mfuko wa maonyesho. Picha ya shilingi 40,000 inampa msanii 32,000 na mfuko 8,000. Posho ya maandalizi iwe sawa kwa wote 16. Mkianza kumlipa mmoja zaidi kwa sababu ya jina, mmeshapanga ngazi kabla ya kuingia ukumbini.

Bei ya kazi ya pamoja ina mtego. Mkongwe anauza kwa 250,000, chipukizi kwa 15,000. Mkiweka bei ya mkongwe, mnunuzi atakayerudi kwa kijana mwezi ujao atashangaa. Mkiweka ya kijana, mnaharibu soko la mzee. Njia inayofaa ni zabuni ya bahasha: jozi inatia sahihi bei ya chini kabisa, wanunuzi wanaandika kiasi na kufunga bahasha, zinafunguliwa hadharani Jumapili ya mwisho saa tisa, na kinachobaki baada ya asilimia 20 kinagawanywa nusu kwa nusu. Malipo yote yaingie kwenye tili ya M-Pesa yenye jina la kikundi, kamwe si simu ya mweka hazina, hata awe mwaminifu kiasi gani. Msanii alipwe ndani ya siku 14.

Kukusanya

Tengenezeni fomu ya hali ya kazi: picha ya mbele, ya nyuma, na ya kila kasoro, ikitiwa sahihi na msanii na mchukuaji pale pale mlangoni. Kazi za zamani za wakongwe huwa zimekaa stoo. Mtakuta ukungu, mavi ya mende, mchwa kwenye fremu. Mchwa wakiwepo, kazi hiyo isipakiwe na nyingine. Vumbi liondolewe kwa brashi kavu laini. Kitambaa chenye maji kisiguse rangi ya zamani, wala kitunguu, wala mate. Kikundi kikiona picha imefifia, ionyesheni ilivyo.

Pakieni picha zikiwa zimesimama, uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, na kadibodi katikati, kona zikivishwa kadibodi iliyokunjwa mara mbili. Nailoni isiguse rangi ya mafuta moja kwa moja. Tangulizeni shuka la pamba. Vinyago vilazwe kwenye godoro la zamani. Pikapu ya kufungwa au yenye turubai, safari iwe Jumatano kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla Jogoo Road haijafungwa na msongamano wa magari.

Kutundika

Hesabu ya ukuta hufanywa kwa penseli mapema. Kazi ya wastani ina upana wa sm 80, na inataka sm 60 za kupumua: mita 1.4 kila moja. Kazi 40 zinataka mita 56. Ukumbi wa mita 18 kwa 10 una mzingo wa mita 56 pia, lakini ukitoa milango, madirisha na jukwaa zinabaki kama 30. Hizo zinatosha jozi 4. Jozi 4 zilizobaki zinataka paneli.

Nunueni au kodisheni mbao 12 za MDF za futi 8 kwa 4, unene wa mm 12. Kila jozi inapewa mbao 3 zilizosimamishwa wima na kuunganishwa kwa bawaba kama herufi Z, pembe ikiwa wazi kidogo kuliko mraba. Pande mbili za mbao 3 ni nyuso 6: tano za kazi, moja ya maandishi. Kila ubao una uzito wa kilo 26 hivi, kwa hiyo watu wawili wabebe, na kila kundi lizuiwe chini kwa mifuko 2 ya mchanga. Mtoto ataegemea. Lazima mjenge mkijua ataegemea. Pakeni rangi nyeupe isiyong'aa, tabaka 2, siku 3 kabla ya kupeleka ukumbini, kwa sababu harufu yake huwakaba wenye pumu.

Katikati ya kila picha iwe sm 147 kutoka sakafuni. Kanuni ya kupata mahali pa ndoano: 147, jumlisha nusu ya kimo cha picha, toa umbali kutoka ukingo wa juu hadi waya unapovutwa. Picha yenye kimo cha sm 90 na waya unaofika sm 8 chini ya ukingo: 147 na 45 ni 192, toa 8, msumari uwe sm 184. Mpime waya ukiwa umevutwa kwa vidole viwili, mahali ndoano mbili zitakapokaa. Waya ukilegea kwa sentimita 2 mstari wote unavurugika, na jicho linaona hata kama mtu hajui anachokiona. Ndoano mbili kwa kila picha, kamwe si moja, la sivyo kila lori likipita nje picha zinainama.

Kuta za kumbi za zamani zina plasta inayobomoka. Msigonge misumari ovyo. Omba ruhusa ya kufunga mbao ya inchi 3 kwa 1 juu ya ukuta mara moja, kwa skrubu na plagi za mm 6, kisha picha zote zining'inie hapo kwa waya. Kwenye jengo la kihistoria msitoboe kabisa. Tumieni paneli pekee.

Mpangilio wa jozi ndio unaosema mnaamini nini. Wakongwe wote ukuta wa mbele na vijana karibu na choo ni tusi, hata likifanywa kwa nia njema. Kazi ya pamoja isiwekwe katikati kama hakimu. Iwekeni mwisho wa mwelekeo wa kutembea, ili mtu awe ameona mikono yote miwili kabla ya kuikuta imechanganyika, aanze kutafuta nani alifanya nini, akosee, arudi nyuma kuangalia tena.

Taa za mirija zilizomo ukumbini huwa na weupe wa samawati unaoua rangi nyekundu. Zizimeni. Taa 40 za LED za wati 7, kelvini 3000 hadi 4000 (kipimo cha rangi ya mwanga), zinakula wati 280, chini ya pasi moja ya umeme. Zielekezeni kwa nyuzi 30 kutoka wima; zikiwa wima mno fremu inatupa kivuli, zikilala mno kioo kinamrudishia mtazamaji uso wake. Karatasi na vitambaa visizidi laksi 50 (kipimo cha wingi wa mwanga), rangi ya mafuta na akriliki laksi 200. Programu ya simu ya kupima mwanga inatosha kukadiria. Umeme ukipotea, mtakuwa na taa 6 za kuchaji.

Lebo

Jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la kazi, nyenzo, kimo kwa upana, mwaka. Herufi za ukubwa wa pointi 24, lebo ikiwa sm 130 kutoka sakafuni. Jina la kazi libaki katika lugha aliyoipa msanii, iwe Kikuyu, Dholuo au Kikamba, na maana yake kwa Kiswahili chini. Kwa mdomo kila mtu atasema Mzee, Mama au Mwalimu, na iwe hivyo. Ukutani majina yote 16 yaandikwe sawa, bila cheo.

Maelezo ya jozi yasizidi maneno 80, na yatoke vinywani mwao. Rekodini mazungumzo ya dakika 40 kwa simu, chumba kisicho na bati juu. Maswali matatu yanatosha: Nini cha mwenzako kilikuudhi mwanzoni? Ulifuta nini? Ni kitu gani sasa unafanya ambacho hukufanya Aprili?

Siku tisa

Fungueni Jumamosi saa nane mchana, msifungue jioni. Mwanga upo, umeme ukikatika hakuna hasara, na wazee wanafika nyumbani kabla ya giza kuingia. Viti 12 vyenye egemeo viwe ndani ya ukumbi, mbele ya kazi, si kandokando ya ukuta. Hotuba ni mbili, dakika 5 kila moja. Mheshimiwa akija bila kutarajiwa, msalimieni na mumtembeze.

Mjulisheni chifu na kituo cha polisi kilicho karibu wiki 2 kabla. Mlinzi wa usiku awe mtu wa mtaa huo huo, alipwe kila siku. Mchana wawe watu wawili kwa zamu, mmoja mlangoni akihesabu wageni, mwingine ndani. Matangazo yafanyeni kanisani, msikitini, kwenye stesheni ya matatu na vikundi vya WhatsApp vya plotini. Bango la karatasi ya A3 kwenye duka la unga lina nguvu kuliko mnavyodhani.

Wanafunzi waje 30 kwa mara, wagawanywe makundi 3 ya kumi, dakika 15 kila kituo. Kila siku saa kumi jioni jozi moja ikae mbele ya kazi yake dakika 45 na kujibu maswali. Jozi 8 zinamaliza siku 8, na ya tisa ni ya bahasha.

Kufunga

Jumatatu kazi zishushwe kwa mpangilio kinyume na zilivyopanda, kila moja ilinganishwe na fomu yake ya hali kabla ya kufungwa. Zirudishwe ndani ya siku 7, wakongwe wakianza. Zilizouzwa zikabidhiwe baada ya malipo kuonekana kwenye tili, pamoja na hati ndogo yenye sahihi ya msanii.

Wiki ya pili waiteni wote 16 mezani na muwasomee hesabu, shilingi kwa shilingi, risiti zikizunguka mkononi. Kila jozi ipewe nakala ya picha zake na rekodi yake, kwa kadi ya kumbukumbu kwa asiyetumia intaneti. Paneli zing'olewe bawaba, zilazwe juu ya matofali mahali pakavu, nyuso nyeupe zikitazamana, na skrubu zifungwe kwenye mfuko uliogundishwa nyuma ya ubao wa kwanza.